Baba wa Ubatizo Kutoka Kampuni

Nang Osing hakuamini mchele wa bure. Kampuni ya nikeli ilipogawa mchele kwa mara ya kwanza pale kijijini Bugsayon, wenzake walipanga foleni tangu alfajiri, na yeye akapanga pia, maana hakuwa mjinga wa kuacha chakula. Lakini alipofika nyumbani aliumwaga kwenye ungo, akaupepeta, akaunusa, akamtupia kuku mmoja konzi moja, kisha akaketi ngazini kumtazama. Kuku alikula akataka tena. Ndipo akapika, na hata hapo alikula shingo upande, akisema mchele mzuri namna hii lazima una jambo lake.

Majirani walimcheka. Jina lake la kanisani lilikuwa Eufrosina Lasala, lakini hakuna aliyelitumia ila padri. Watu wote, hata waliomzidi umri, walimwita Nang, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, kwa kuwa alikuwa na mdomo na mdomo wake uliogopwa.

Kazi yake ilikuwa udobi. Alifua tangu usichana wake: mashuka ya nyumba ya wageni, sare za walimu, na kila Jumamosi kanzu za padri na vitambaa vya altare. Zamani alifulia mtoni. Machimbo yalipofunguliwa mlimani, kila mvua iliponyesha mto uligeuka mwekundu kwa udongo, na kitambaa cheupe kilitoka majini kina rangi ya kutu. Akakusanya mabeseni yake, akahamia juu kwenye chemchemi ambayo wenyeji waliiita Tubod tu, bila jina la pili. Wanawake wengine wakamfuata. Kwenye Tubod walichota maji ya kunywa, na hatua chache chini yake walifua na kusengenya.

Waliomwona mkaidi walikuwa wamesahau, au hawakuwa wamezaliwa, kampuni ya mbao ilipokuwa bado pale. Mumewe, Isko, alikuwa mtu wa msumeno wa kampuni hiyo. Ilikata mlima mzima, ikawajengea watu uwanja wa mpira wa kikapu, na watu wakacheza. Halafu msimu mmoja wa mvua mlima usiokuwa na mti ukateremka na tope lake, likamfunika Isko na wengine waliokuwa kambini. Kampuni ikaleta majeneza, ya mbao iliyopigwa vanishi, mazuri kuliko kitanda chochote kijijini. Nang Osing akalia, akapokea, akamshika meneja mkono kwa mikono yake miwili. Baada ya mazishi watu wachache wakataka kwenda mjini kulalamikia miti iliyokatwa, wakaja kumchukua. Akawaambia hawezi. Mume wake amelala ndani ya sanduku la watu wale, atasema nini? Jambo hilo lilimuuma kuliko hata kifo chenyewe, maana kifo ni cha Mungu, lakini aibu ile ilikuwa yake.

Kwa hiyo Sir Egay alipotokea, Nang Osing alikuwa tayari ana jicho la pembeni.

Edgardo Villamor, ambaye wote walimwita Sir Egay, alikuwa mkuu wa ofisi ya kampuni inayoshughulika na wanakijiji. Mtu wa Manila, mnene kidogo, mchangamfu, shati lake lina nembo kifuani. Ndani ya miezi michache alikuwa ameshajua lugha ya pale, majina ya watoto, na ni mzee gani ana kisukari. Akikutana na mtu mzima huinama, humshika mkono, na kuugusisha kwenye paji la uso wake, kama kijana yeyote aliyelelewa vizuri. Siku ya kwanza alipomfanyia hivyo Nang Osing, mama wa watu alibaki anautazama mkono wake kama umerudishwa na kidole kimoja pungufu.

Na Sir Egay alitoa. Alileta zahanati, akaleta cherehani kwa wanawake, akalipia watoto masomo mjini. Sheria inazitaka kampuni za madini zitenge fungu kwa ajili ya watu wanaoishi kando yao, na hilo lilijulikana, lakini yeye alitoa kama anatoa mfukoni mwake.

"Anayetoa kwa sheria huja na karatasi," Nang Osing aliwaambia wenzake kwenye Tubod. "Huyu mbona anakuja na keki?"

"Osing, wewe hata malaika akikushukia utamuuliza mabawa kayapata wapi," akamjibu Tasing, rafiki na jirani yake, aliyekuwa anafua huku anatafuna.

"Nitamuuliza, ndiyo. Na wewe meza kwanza ndiyo unicheke."

Kampuni ilipoleta daktari wa macho na miwani ya bure, yeye alikataa. Akaendelea kutembea akipapasa, akaiunguza kwa pasi kanzu ya padri ya Pasaka, akamsalimia mbuzi wa Tasing akidhani ni Tasing, na Tasing akanuna wiki nzima. Mwisho akaona isiwe taabu, akaenda zahanati akapewa miwani. Ilikuwa miwani nzuri, hilo alilikubali na halikumpendeza. Alipanda nayo Tubod asubuhi iliyofuata, akainua uso, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu akauona mlima sawasawa. Ulikuwa umekatwa ngazi ngazi, mwekundu, mpaka karibu na migomba. Juu kidogo ya chemchemi palikuwa na vigingi vimefungwa vitambaa vya rangi. Alikuwa amepita kando yake siku zote akidhani ni maua.

Habari kamili ikaja baadaye kidogo. Kampuni ilitaka barabara mpya ya malori, na barabara hiyo ingepita juu ya Tubod. Tubod ingefukiwa. Wao wangeletewa maji ya bomba, hivyo ndivyo ilivyosemwa, ingawa hakuna aliyejua kutoka wapi. Kabla ya hapo ilikuwa lazima uitishwe mkutano wa hadhara ili watu waseme. Wanawake wa Tubod wakakubaliana kwamba msemaji wao atakuwa Nang Osing, na safari hii hakusema kwamba hawezi.

Sasa, mwanawe wa pekee aliitwa Marivic, na Marivic alikuwa na mtoto mchanga wa kike aliyempa jina la Chrizelle, jina lililomshinda bibi yake kulitamka, akawa anamwita Neneng tu. Mume wa Marivic, Arnel, aliendesha lori la kampuni kwa mikataba mifupi mifupi, ile ambayo mtu hulala na wasiwasi kila inapokaribia kwisha. Wote wanne waliishi nyumba moja. Jioni moja, wakila samaki na wali, Marivic akasema bila kuinua macho:

"Mama, ubatizo tumeshapanga. Na baba wa ubatizo tumepata."

"Nani? Yule jirani yetu, Nong Dario?"

"Sir Egay."

Nang Osing akakirudisha kipande cha samaki kwenye sahani.

"Sir Egay yupi?"

"Kwani wapo wangapi, Mama?"

"Amewaomba?"

"Tumemwomba sisi. Akafurahi. Arnel, si alifurahi?"

"Alifurahi," akasema Arnel, na akawahi kujaza mdomo wali.

Huku kwetu anayemsimamia mtoto ubatizo hawi mzazi wa mtoto huyo tu. Anakuwa ndugu wa nyumba nzima, na bibi mtu humo humo. Wanaitana kumpare akiwa mwanamume, na kumare, au mare kwa kifupi, akiwa mwanamke. Kumpare akifiwa unaenda kupika, akikuomba jambo unahangaika, na hadharani humpingi hata kama amekosea, labda ukamwambie kando, nyumbani kwake, tena kwa upole. Anayemkana kumpare wake mbele za watu hutazamwa kama aliyempiga mama yake. Ndiyo maana watu huwaomba wakubwa, na wakubwa nao hukubali.

Mawazo hayakumwacha. Kesho yake akamuuliza Tasing, kwa sauti ya kujifanya hajali, kama anajua mtu mwingine ambaye Sir Egay alimsimamia mtoto wake.

"Mbona wengi," akasema Tasing. "Mjukuu wa kapitani wa kijiji. Pacha wa mwalimu Delfin, wote wawili. Na yule mwenye migomba pale juu."

Nang Osing akaacha kufua. Katika mkutano uliopita, wa habari za mto, waliosimama kuuliza maswali walikuwa kapitani, mwalimu Delfin na yule mwenye migomba. Tangu hapo hakuna aliyewasikia wakiuliza kitu zaidi ya saa. Moyo ukamwenda mbio. Kampuni ya mbao ilileta majeneza kwa sababu haikujua cha kuleta. Hii imekaa nasi, imekula nasi, imejifunza mila yetu, na sasa inatufunga kwayo.

Kwa hasira akafanya kosa. Alimrudia Marivic akiwa bado ana povu mikononi.

"Nani kakutuma?"

"Kunituma wapi?"

"Unifunge mdomo. Wamempa nini Arnel? Niambie, wamekuahidi nini?"

Marivic alikuwa ananyonyesha. Machozi yakaanza kumtoka.

"Hakuna aliyenituma, Mama. Nimejituma. Mkataba wa Arnel unaisha, na huyu mtoto anakunywa maziwa. Wewe una chemchemi yako. Mimi nina nani mwenye jina, nikipata shida, wa kumkimbilia?"

Nang Osing alijua kwamba mwanawe anasema kweli, na bado shaka haikumtoka, ikakaa pale pale kama mwiba uliovunjikia ndani. Mtu anaweza kutumwa bila yeye mwenyewe kujua. Lakini hilo hakulisema, na siku zilizofuata wakawa wanapishana jikoni kama wapangaji.

Siku ya ubatizo nguruwe alibanikwa, tambi zikapikwa, na kanisa likajaa. Nang Osing alikuwa amejiandaa. Alikuwa ameshayapanga hata maneno ya kumsalimia Sir Egay, ya adabu na yasiyo na kitu ndani. Padri akatoka, na Sir Egay hakuwepo. Badala yake alikuja dereva wake, Berting, mwanamume mrefu mwenye aibu, amevaa shati la kuazima lililombana kwapani, amebeba keki kubwa na bahasha. Wakubwa wameshuka kutoka Manila, akasema, bosi amebanwa, anaomba radhi sana, amemtuma yeye asimame badala yake.

Inaruhusiwa. Padri alilisoma jina la Edgardo Villamor, na Berting ndiye aliyemshika mtoto. Aliulizwa kama anamkataa shetani, akajibu kwa sauti kubwa mno kwamba anamkataa, watu wakacheka. Mtoto akamkojolea. Berting hakumrudisha, alimshika vilevile mpaka mwisho, mkono mmoja una mshumaa, kisha akabaki kwenye karamu akaosha masufuria. Jumapili iliyofuata alirudi peke yake, bila gari la kampuni, na mkungu wa ndizi. Nang Osing alizikagua ndizi moja moja. Hakuona kitu ndani yake isipokuwa ndizi.

Siku ya mkutano kampuni ilileta hema, viti vya plastiki na vitafunio kwenye visanduku. Mainjinia walionyesha michoro ya barabara. Kapitani alisema maendeleo ni mazuri. Mwalimu Delfin alitazama viatu vyake. Halafu Sir Egay akachukua kipaza sauti, akatabasamu kuelekea upande wa wanawake.

"Najua Nang Osing ana la kusema. Na kabla hajasema, naomba nimsalimie, maana siku hizi mimi na yeye si watu wa mbali. Mare, mjukuu wetu hajambo?"

Watu wakapiga makofi. Ni salamu tu, nani angeikataa salamu? Nang Osing alisimama. Aliwaona wote wanamtazama. Alimwona Marivic nyuma, amembeba Neneng, ameinamisha uso chini. Aliogopa, na hofu hiyo aliifahamu, ilikuwa ile ile ya miaka yote. Angeweza kusema hajambo na kukaa. Akashika kipaza sauti.

"Hajambo, Sir. Ila nakuuliza. Siku ile kanisani, mtoto alishikwa na nani?"

Sir Egay akacheka kidogo. "Nang, siku ile nilibanwa na..."

"Najua ulibanwa. Nauliza aliyemshika. Aliyekojolewa ni nani?"

Kicheko kikaanza viti vya nyuma. Berting, aliyekuwa ameegemea gari, alitazama huku na huku akitafuta pa kujificha.

"Kumpare wangu ni yule pale. Nikifa yeye atakuja kupika, na ndizi keshaleta. Wewe, Sir, ni mgeni wetu, na mgeni siyo dhambi kumwambia kitu." Akavuta pumzi. "Cherehani ni nzuri. Zahanati nzuri. Miwani hii nzuri kabisa, nakuona vizuri. Lakini mto mliuchafua ninyi na mpaka leo hamjausafisha, na sasa mnataka Tubod. Mimi ni dobi. Mteja akileta shuka nikalichoma, simpelekei keki. Namrudishia shuka. Kama mnataka kutusaidia, anzeni na mlichokiharibu, na ambacho hamjakiharibu kiacheni. Keki tutakula baadaye."

Kisha akakaa. Yule mwenye migomba akasimama kuuliza swali. Baada yake akasimama mwalimu Delfin.

Mkataba wa Arnel ulipokwisha haukuongezwa. Hakuna aliyesema kwa nini, na hakuna aliyeuliza. Berting akaondolewa kwenye gari la bosi, akapewa lile la kumwagia maji barabarani kutuliza vumbi. Marivic akafunga nguo, akahamia na Arnel na Neneng kwa wakwe zake, ng'ambo ya mto, na Nang Osing akabaki na nyumba iliyonyamaza. Alilia, na hakujificha. Alimwambia Tasing kwamba chemchemi haimwiti mtu bibi.

Miezi ikapita, kisha vigingi vikang'olewa. Barabara itapita upande mwingine, ilisemekana. Tasing alitangaza kila mahali kwamba ni kwa sababu ya mdomo wa Osing. Madereva walisema si hivyo, mainjinia waliona ardhi pale ni tepetepe na ingemeza malori. Nang Osing hakuamini hii wala ile. Alipanda kila asubuhi kuhakikisha maji bado yapo, na kila asubuhi yalikuwepo.

Halafu wakaja mafundi na saruji. Wakaizungushia Tubod ukuta mdogo, wakapaka rangi, wakasimamisha bango kubwa: chemchemi hii ni zawadi ya kampuni kwa watu wa Bugsayon. Ikatangazwa siku ya kufungua, na wageni kutoka Manila, na mpiga picha. Na aliyechaguliwa kukata utepe na kutoa neno la shukrani alikuwa Nang Osing.

"Zawadi," akasema alipolisoma bango. "Bibi yangu alioga hapa."

Siku mbili kabla ya sherehe Marivic alikuja, mtoto kiunoni. Alikaa ngazini, na mama yake akamchukua Neneng, akamnusa shingoni.

"Mama, Arnel anaweza kurudishwa kazini."

"Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema. Wewe unajua mambo haya hayasemwi. Watakuwa wanakusikiliza tu." Akamgeukia. "Neno moja, Mama. Asante. Kwani linaua?"

Nang Osing alitaka kusema kwamba yeye analijua neno hilo tangu siku ya majeneza, na linavyoua analijua. Akaona uso wa mwanawe ulivyokonda, akajizuia.

"Nitakuwa na adabu," akasema. "Hutasikia neno baya kutoka kwangu. Hilo nakuahidi."

Siku ya sherehe alivaa gauni lake la kanisani. Padri akabariki. Mgeni kutoka Manila akasoma hotuba ndefu kuhusu kampuni yao na jamii inayoizunguka, jinsi walivyosikiliza, jinsi walivyojali, na Nang Osing akamsikiliza kwa makini yote, akitafuta neno "mto". Halikuja. Akakata utepe. Sir Egay, mkarimu kama kawaida, akamwekea kipaza sauti karibu na mdomo.

Nang Osing akainama, akachukua kata ya kifuu, akachota maji mahali yanapobubujika, akafuta chini ya kata kwa kiganja ili yasimdondokee mtu, na akamnyooshea Sir Egay kwa mikono miwili, kama mwenye nyumba anavyomkaribisha mgeni aliyetoka mbali.

"Karibu, Sir," akasema. "Jua kali, na mmepanda mlima. Maji yetu haya. Kunywa."

Mpiga picha akasogea. Jua lilikuwa kali kweli, na wageni walikuwa wanatazama. Sir Egay akapokea, akanywa mpaka mwisho, maji yakamtiririka kidevuni. Alikuwa mtu aliyelelewa vizuri. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake, na sauti yake ikafika mpaka barabarani kwenye malori.

"Asante sana, Nang Osing."

"Si kitu," akasema Nang Osing. "Ukiwa na kiu uje tena."